Bwana afya kamwaga wali na jodari wetu: kwani kupasha moto hakutoshi?

Bi Mwera: Assalaam aleykum. Napika jikoni kwenye duka kubwa la vyakula hapa mjini Unguja: wali wa nazi, sambusa, jodari wa kukaanga. Juzi bwana afya kaingia alasiri, kachoma kipimajoto kwenye wali uliokuwa kabatini tangu adhuhuri, kikasoma 34. Kaamrisha umwagwe. Na ndoo ya jodari wabichi iliyokuwa chini ya meza bila barafu nayo ikaenda. Tajiri kakasirika, anasema tungepasha moto vijidudu vikafa. Jodari wenyewe hawakuwa wakinuka. Nani yuko sahihi?

Mzee Michenzani: Wa aleykum salaam bibie. Kazi hiyo ya ukaguzi nimeifanya mpaka nikastaafu, na mwenzangu yuko sahihi. Mimi jodari wananitisha kuliko wali. Wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini, kemikali inayodhuru, ndani ya nyama. Ikishaingia haitoki: ukaange, uchemshe, ugandishe, imo tu, na samaki anaweza asinuke kabisa. Mlaji mdomo humwasha, uso humwiva, kichwa humgonga, moyo humwenda mbio, mara nyingi hata saa moja haijapita. Watu husema ana aleji, kumbe ni samaki aliyekosa barafu. Vibua nao ni hivyo hivyo. Barafu ianzie chomboni baharini, ifike sokoni Malindi, ifike na kwenu.

Wali una bakteria waitwao Bacillus cereus. Mbegu zao hustahamili kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu mbegu hizo huamka, bakteria wakazaana na kutoa sumu. Tajiri wako kweli ataua vijidudu, lakini sumu waliyokwisha kuitoa itabaki, na mtu atatapika ndani ya saa chache. Shirika la Afya Duniani linataka chakula cha moto kikae juu ya digrii 60, cha baridi chini ya 5, na kilichopikwa kisizidi saa 2 nje.

Mpishi wa Chake: Na umeme ukikatika?

Mzee Michenzani: Usifungue mlango. Friji huhimili kama saa 4, frizi iliyojaa hadi 48. Baada ya hapo ni barafu au kumwaga. Sisi wa Unguja tuliokaa gizani Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tunajua frizi isiyo na umeme ni kabati tu.

Bi Mwera: Ahsante mzee wangu. Tajiri atasema ni hasara.

Mzee Michenzani: Basi pikeni kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa siku, badala ya sufuria moja la asubuhi. Wali wa kuweka utandazwe kwenye sinia pana, upoe upesi, uingie friji, usiuache sufuriani. Kipimajoto cha kuchoma na anunue. Upime kila saa na uandike kwenye daftari, wali ukishuka chini ya 60 ujue tangu saa ngapi. Na siku barafu hakuna, jodari usimpokee, hata tajiri akikuamrisha.