Majirani wa Parade Street (watu 64)

*JUMATATU*

Mama Neema 6:51
Bwana asifiwe majirani. Ofisi ya mwakilishi wetu wamenipigia jana jioni, Jumamosi hii wanakuja ukumbi wa kanisa kutusaidia makaratasi, saa nne asubuhi mpaka saa saba. NI BURE. Rent rebate, kadi ya basi ya wazee, fomu za PennDOT (idara ya usafiri ya jimbo) za gari na leseni, vyeti vya watoto waliozaliwa hapa Pennsylvania, na kutakuwa na lori la kusaga makaratasi ya zamani yenye majina na namba zenu, acheni kuyatupa mazima mazima kwenye takataka. Nataka majina kabla ya Alhamisi wajue wanaleta wafanyakazi wangapi. Andika jina, mko wangapi, unataka lifti au hapana.
1. Mama Neema, 3, gari ipo
2.

Mama Neema 9:20
2.

Mama Neema 12:05
Jamani hiyo namba mbili iko peke yake tangu asubuhi

Bahati 12:31
2. Bahati, 1, gari ipo ila inatembea kwa petroli ya maombi 😂

Kevo 12:40
Mama Neema huyu ni wa Washington ama wa hapa? Mamangu fingerprints alifanya kitambo na hajaitwa interview ya uraia mpaka wa leo

Mama Neema 12:44
Wa Harrisburg huyu. Uraia hagusi

Kevo 12:45
Aaah kumbe ni kama MCA

Bahati 12:45
MCA ndo nini

Kevo 12:46
Diwani mwenye suti ya kukodi

Bahati 12:46
😂😂😂

Mama Neema 12:58
Si diwani. Wako 203 kwenye bunge la Harrisburg na maseneta 50, hao ndo wanatunga sheria za Pennsylvania, ndo wanashika mambo ya PennDOT, kodi ya jimbo, rebate. Uraia, green card, pasipoti ni mbunge wa Washington au seneta wa Washington, ofisi ingine mlango mwingine, Kevo nitakupa anwani inbox, kuna karatasi mama atasaini kuwaruhusu waulize kesi yake. Nalisema mapema kwa sababu mwaka jana watu walipanga mstari na barua za uraia wakarudishwa halafu mimi nikaitwa mwongo hapa hapa kikundini, na waliosema wapo wanasoma

Bahati 13:02
Mwaka wa uchaguzi huu mama, viti vyote 203 mwezi wa 11, hata ukimpelekea kesi ya mbuzi ataandika kwenye daftari

Dada Riziki 13:10
👍🏾

Mama Neema 13:11
Riziki hiyo 👍🏾 ni watu wangapi

*JUMANNE*

Mama Neema 7:05
Naeleza rebate mara moja tu kwa sababu nimeulizwa inbox na watu tisa na hakuna anayeuliza hapa. Ni jimbo linakurudishia sehemu ya kodi ya nyumba uliyolipa mwaka jana, yaani 2025, kwa mpangaji ni rent, kwa mwenye nyumba ni property tax. Anapata mwenye miaka 65 kwenda juu, wajane kuanzia 50, na mlemavu kuanzia 18. Kipato cha mwaka zamani kwa mpangaji kilikuwa kisizidi dola 15,000 ndo maana wengi mlikataliwa, mwaka 2023 walibadilisha sheria wakapandisha mpaka 45,000 na tangu hapo kinaongezeka kidogo kidogo, na ile hela ya Social Security (pensheni ya serikali) wanahesabu nusu tu. Mwenye kipato kidogo kabisa anaweza kupata mpaka 1,000, anayefuata 770, halafu 460, halafu 380. Hela inatoka kwenye bahati nasibu ya jimbo na makasino, kwa hiyo Bahati ile lotto unayochezaga pale gas station angalau inasaidia wazee

Bahati 7:09
Mimi ni mfadhili mkuu basi, nitajwe kwenye ibada

Mama Neema 7:15
Mje na: Social Security card, barua za kipato, na ile fomu ya rent AMBAYO MWENYE NYUMBA AMESAINI. Kama mwenye nyumba amegoma kusaini kuna kiapo unajaza badala yake, ila anza kumwomba leo. Mwisho ni tarehe 30 Juni. Najua kila mwaka huwa wanasogeza mpaka Desemba, sitaki kusikia habari ya kusogezwa

Mama Sifa 11:48
Mama neema mi nina 57 mume alifariki kambini nyarugusu kweli naingia au ni wajane wa hapa tu

Mama Neema 11:49
UNAINGIA MAMA. Miaka yote hiyo hukuniambia?

Mama Sifa 11:55
Sikujua. Na kingine nimepata barua ya gesi wanasema watakata tarehe 18 nimekwama wiki tatu sikulala vizuri

Bahati 11:57
Mama Sifa usiogope tutakuletea mkaa upikie balkoni

Kevo 11:57
Wueh si tunakumbuka mishikaki ya Pasaka 🚒🚒

Bahati 11:58
Wale fire walikuja kumi na mmoja mishikaki minne

Dada Riziki 11:58
Mmoja aliuliza kama ipo ya kuku 😭😭

Kevo 11:59
Na Bahati akamwambia "wait five minutes sir"

Mama Neema 12:20
Mko watu wa ajabu. Mama wa watu anakatiwa gesi nyie mnacheka. Mama Sifa sikiliza, wakati wa baridi, tarehe 1 Desemba mpaka 31 Machi, hawaruhusiwi kumkatia mwenye kipato kidogo bila ruhusa ya tume ya jimbo inayosimamia gesi na umeme. Sasa ni Juni ndo maana barua zimeanza, hata mwezi wa 4 zilikuwa nyingi. Usingoje Jumamosi. Piga namba iliyo kwenye barua leo, sema neno PAYMENT ARRANGEMENT, halafu omba mpango wao wa wenye kipato kidogo, unalipa kiasi kinacholingana na kipato chako. Na Jumamosi njoo na hiyo barua, ofisi ya mwakilishi huwa wanawapigia kampuni wenyewe, wakipiga wao simu inapokelewa na mtu, ukipiga wewe ni muziki

Mama Sifa 12:31
Kiingereza cha simu sikiwezi

Mama Neema 12:32
Nani yuko nyumbani sasa hivi amsaidie Mama Sifa kupiga simu?

Mama Neema 13:40
Watu 41 wamesoma.

Esther (wa Mzee Wilondja) 15:22
Naenda mimi nikitoka shule mama

*JUMATANO*

Mama Neema 8:00
2. Bahati 1
3. Mama Sifa 1 LIFTI
4. Kevo na mama, 2, kadi ya basi
5.
Wazee wa jengo la nyuma wanahitaji lifti wako sita. Baba Furaha van yako ipo Jumamosi?

Dada Riziki 10:14
Samahani niulize kitu, kama hii huduma ni bure mbona 2024 wazee walilipa dola 50 kila mmoja kujaziwa hiyo hiyo fomu

Bahati 10:15
👀

Dada Riziki 10:17
Mamangu alilipa. Naomba tu kuelewa

Mama Neema 10:30
Riziki hayo tuliyamaliza kwa mchungaji

Dada Riziki 10:31
Waliyamaliza wenye kukaa kikao, mamangu hakuitwa

Kevo 10:33
Ofisi iko tao hapo tu na fomu ni free, 50 ni ya nini manze

Baba Furaha 14:02
Natoka shift ya usiku nakuta nimehukumiwa. Sawa. Ile 2024 nani alikuwa anajua hata hiyo rebate iko? Mimi njo nilisoma kwenye jarida la ofisi ya mwakilishi liliokuja kwa posta, nikauliza, nikaprinti, nikatembea na baridi kwa wenye nyumba kumi na mmoja wasaini, mmoja alinifungulia mbwa. Mwaka ule ofisi hawakuwa na mtu wa kutafsiri, wamama walienda wakarudi wanalia, na bado walipigwa picha ikatoka kwenye jarida wanacheka. Hizo 50 ni muda wangu, stampu, petroli. Mimi si mwizi. Kama ni hivyo van itafuteni kwingine

Dada Riziki 14:05
Hakuna aliyesema mwizi Baba Furaha, umejiita

Bahati 14:06
Jamani tupunguze moto, fire wakija tena hatuna mishikaki

*Baba Furaha ameondoka kwenye kikundi*

Mama Neema 14:10
Bahati ungenyamaza tu hiyo moja

Kevo 16:45
Nabadilisha story kidogo, kuna ile site ya Treasury ya jimbo unaangalia hela zilizosahaulika kwa jina lako, deposit za zamani, mshahara wa mwisho hukuchukua. Nimepata $37 ya kiwanda nilichoacha. Tafuteni na spelling zote mbaya mnazojua

Bahati 16:52
Nimeandika jina langu nimeletewa Bahati wa Philadelphia ana pesa nyingi, nifanye nini na dhambi hii

*ALHAMISI*

Mama Neema 7:10
Majina yako 9. Wazee sita hawana gari. Jarida lao linasema pia bajeti ya jimbo inatakiwa ipite kabla ya 30 Juni, mwaka jana ilikwama mpaka Novemba, kwa hiyo mwenye swali la misaada ya kaunti aulize mapema Jumamosi. Na gari je?

Bahati 9:01
Yangu inabeba wanne wakikubali kusukuma

Mzee Wilondja 17:36
🎤 Ujumbe wa sauti 3:12

Bahati 17:37
Shikamoo Mzee

Esther (wa Mzee Wilondja) 17:58
Babu amesema niandike kwa sababu mko kazini hamtasikiliza. Naandika alivyosema.

Watoto wangu, nimesoma mambo yenu kwa simu ya Esther. Karatasi ya Amerika inasema nimezaliwa tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 1965. Vita ya Mulele 1964 mimi nilikuwa nachunga mbuzi za baba yangu kule Fizi, Congo. Mnihesabie wenyewe. Yule wa UN alikuwa amechoka, akaandika. Kwa hiyo hiyo hela ya wazee mimi bado kijana, sina neno, nitangoja miaka mine. Lakini bibi yenu karatasi yake ilikuwa na miaka. Baba Furaha alimjazia, alichukua 50, ndiyo, nilimpa mimi kwa mkono. Hundi ilikuja mwezi wa saba, bibi tumeshamzika. Usiku ule wa theluji ambulance ilikwama, tulipigia watu wengi wa kikundi hiki. Aliyetoka kazini na van ni yeye. Hakuniomba petroli. Hiyo 50 ya wamama alikosea, arudishe, na mimi nitamwambia mbele ya uso wake. Ila mumrudishe humu leo. Nikienda Jumamosi nitaenda na gari yake, nisipoenda nayo sitaenda.

Mama Sifa 18:20
🙏🏾

Kevo 18:41
🙏🏾

Dada Riziki 19:15
Nimesikia Mzee. Nisamehe

*Mama Neema amemwongeza Baba Furaha*

Mama Neema 20:47
Mzee, Mama Neema hapa. Nimechukua tena karatasi yao nimeisoma polepole. Hawakuandika wanawake peke yake. Wameandika aliyefiwa na mke au na mume, kuanzia miaka 50. Mimi nilisema wajane nikawafikiria wamama tu. Mzee hata kwa karatasi ya 1965 unaingia. Hata mwaka jana ulikuwa unaingia

Bahati 20:50
Kwa hiyo mgane naye anahesabika

Mama Neema 20:50
Ndiyo

Esther (wa Mzee Wilondja) 21:22
Nimemsomea. Ameuliza, kwa hiyo wananilipa kwa sababu bibi hayupo

Esther (wa Mzee Wilondja) 21:23
Sikujua nimjibu nini. Ameenda kulala

*IJUMAA*

Mama Neema 6:30
Habari za asubuhi. Mama Sifa gesi imekuwaje?

Mama Sifa 8:12
Esther alipiga tulingoja dakika 50 tukaongea na mtu wamesema nilete karatasi ya kipato halafu watasema. Tarehe 18 bado iko pale pale

Mama Neema 8:15
Lete hiyo barua kesho, utakuwa wa kwanza mstarini, nimeshamwambia yule dada wa ofisi. Na mtafsiri nimemuuliza mara tatu, anasema "watajitahidi". Esther kaa tayari mwanangu

Esther (wa Mzee Wilondja) 8:40
Kesho nina mtihani wa leseni saa tano mama 😭

Bahati 8:41
Hahaha PennDOT wenyewe wamemchukua mtafsiri

Mama Neema 8:43
Kevo?

Mama Neema 11:30
Kevo?

Kevo 13:05
Niko job mpaka saa nne nitakam direct, but Kiswahili ya wazee wa Fizi ikiingia Kibembe mimi nashuka hapo

Dada Riziki 13:20
Kibembe nitakaa mimi na wazee, nimeomba ruhusa nusu siku

Mama Neema 13:21
Asante Riziki. Sasa van. Baba Furaha najua uko humu na unasoma. Mzee saa tatu na nusu mlangoni kwake, halafu Mama Sifa, halafu jengo la nyuma. Ile ingine Mzee ataongea na wewe mwenyewe, mimi sitii mkono. Niambie tu ndiyo au hapana nijipange

Mama Neema 17:02
Ndiyo au hapana baba

Mama Neema 20:15
Bahati weka petroli ya kweli usiku huu endapo

Bahati 20:16
Nimeweka ya dola kumi. Ni imani

Baba Amani 22:38
Majirani nimerudi leo kutoka Ohio naona meseji nyingi sijasoma zote. Ni saa nne ya Kiswahili au saa nne ya Kiamerika?

Mama Neema 22:39
BABA AMANI

Baba Furaha 22:51
👍🏾

Bahati 22:52
Hiyo 👍🏾 ni ya van au ya saa?