Naombeni ushauri: nibaki na kiboti changu cha futi 20 au nichukue cha futi 30?

Habari zenu wakuu, heshima kwenu. Mimi naishi Reading huku Uingereza, nina boti ya faiba futi 20 ya kutembelea mto Thames, injini ya nje ya petroli, huu ni mwaka wa nne sasa. Tulivyokuwa wawili ilitosha kabisa ila sasa watoto wawili, tukilala humo ni kama daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni.

Nimeipata ya futi 30, injini ya dizeli ya ndani, vitanda sita na choo cha maana (mama watoto hapo kwenye choo ndo kashamaliza mjadala). Bei tumeelewana. Kinachonitisha ni gharama za kila mwaka, maana leseni ya mto wanapiga kwa urefu mara upana na sehemu ya kufungia boti wanachaji kwa urefu. Halafu ina kimo cha mita 2.5 kutoka usawa wa maji, na nafasi chini ya daraja la Osney pale Oxford ni kama mita 2.28 tu, so kule juu ya mto hadi mji wa Lechlade ndo basi tena, na ndo tunakokupenda zaidi.

Kwenye hii ya futi 20 nimejaribu kuweka tenti kwenye deki la nyuma, mvua ikatuadabisha. Fundi wa kuikagua hiyo ya futi 30 bado sijamlipa.

Aliyewahi kuhama ukubwa hivi, gharama zilipanda kiasi gani kiukweli? Na injini ya ndani ya zamani nikague nini kwanza kabla sijatoa hela ya fundi?