Namba 1,234,567 ni tasa au siyo? Naombeni mbinu za kumfundisha mtoto

Mwalimu wa Pasua
Habarini wakuu. Nafundisha twisheni ya hisabati hapa Pasua, Moshi. Nina binti wa darasa la saba, kipanga kwelikweli. Kaniletea 1,234,567. Kaijaribu kwa 2, 3, 5, 7 na 11, zote zinabakiza, akaandika kwa wino mwekundu: TASA (yaani haigawanyiki kamili ila kwa 1 na yenyewe). Jibu la kwenye simu sitaki kumpa. Anatakiwa ajaribu hadi wapi ndipo awe na haki ya kuandika neno lile?

Mzee wa Ngaramtoni
Mwalimu, mpaka ni kipeuo cha pili. Namba ikiwa zao la vigawo viwili, haiwezekani vyote viwili vizidi kipeuo chake. 1,111 × 1,111 ni 1,234,321, na 1,112 × 1,112 inapitiliza. Basi anaishia 1,111. Tena ajaribu namba tasa tu: kama 3 imekataa, 9 haiwezi kukubali.

Asivunjike moyo. Fermat mwenyewe, yule mwanahisabati mashuhuri, aliamini 4,294,967,297 ni tasa, hadi mwanahisabati mwenzake Euler alipoonyesha mwaka 1732 kwamba inagawanyika kwa 641.

Mama Neema
Shikamoo mzee. Lakini namba tasa hadi 1,111 ziko 186, ni nyingi kwa mtoto! Mwalimu, mfundishe kuikata tatu tatu kutoka kulia: 567 toa 234 jumlisha 1, unapata 334. Kwa kuwa 7 × 11 × 13 ni 1,001, hiyo 334 inajibu kwa niaba ya namba nzima. Kwa 7 inabaki 5, kwa 11 inabaki 4, kwa 13 inabaki 9. Tatu zimetoka kwa mstari mmoja.

Mwalimu wa Pasua
Ahsanteni sana! Leo kafika 127. 1,234 kwa 127 ni mara 9, baki 91. Akateremsha 5: 915, mara 7, baki 26. Akateremsha 6: 266, mara 2, baki 12. Akateremsha 7 ya mwisho, ikasomeka 127 kamili. Alipiga kelele darasa zima likageuka. Kwa hiyo ni 127 × 9,721. Sasa anataka kuichunguza 9,721 kuanzia 2.

Mzee wa Ngaramtoni
Marahaba Mama Neema. Mwalimu, mzuie, hapo ndipo penye utamu! Chochote kinachogawanya 9,721 kinagawanya pia 1,234,567, na namba tasa zote chini ya 127 zilishakataa. Na 127 × 127 ni 16,129, imeshaipita 9,721. Basi 9,721 ni tasa bila kugawanya hata mara moja. Mwache atafute sababu mwenyewe kabla hujamwambia.

Mama Neema
Akimaliza mpe 510,511, yaani 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 × 17, kisha jumlisha 1. Zote saba zitabakiza 1, na wino mwekundu utamwita tena. Mwambie tu aendelee na namba tasa inayofuata.