Antibayotiki kwa mbegu za kiume za kambare kabla ya kugandisha, nisaidieni

MamaHachari: Wadau habari zenu. Niko Ruai, naangua kambare. Dume wa kambare mnajua hakamuliki, lazima umchinje utoe korodani, so dume mzuri akienda ameenda, ndio nikaanza kugandisha mbegu. Mtungi wa naitrojini ya maji, ile baridi ya kugandisha, naazima kwa jamaa wa AI (kupandisha ng'ombe bila dume), wakati mwingine anafika jioni na mbegu zimekaa kwa barafu tangu asubuhi. Nikiyeyusha, kwa maikroskopu naona zimeshikana mafundo na vidudu vinaogelea katikati. Agroveti wamesema niweke penstrep (penisilini na streptomisini) ya ng'ombe. Niweke kiasi gani?

DaktariSamaki: Mama usiweke hiyo tafadhali. Ile ya sindano ni penisilini ya prokeini, ndio maana iko nyeupe kama maziwa, na ina viungo vingine vya kuitunza, haikutengenezewa mbegu. Tafuta ya maabara, mara nyingi inakuja na uniti 10,000 za penisilini na miligramu 10 za streptomisini kwa kila mililita, unaweka sehemu 1 kwa 99 za ekstenda, kile kimiminika cha kuchanganyia na kutunza mbegu. Penisilini peke yake haitoshi juu bakteria za maji kama Aeromonas na Pseudomonas haziiogopi, streptomisini ama jentamisini ndio inazigusa. Na usizidishe, dawa ikizidi mbegu zenyewe zinachoka.

Vifaranga254: Kwani baridi ya nyuzi -196 haiui bakteria??

DaktariSamaki: Nyingi inazilaza tu. DMSO, ile kemikali tunachanganya na mbegu zisipasuke zikiganda, inakinga bakteria pia. Na dawa ikiganda haifanyi kazi, inafanya kabla ya kugandisha na baada ya kuyeyusha, kwa hivyo mama hayo masaa unangoja mtungi ndio yanakuumiza.

PondeSafi: Mimi naanzia kwa kisu. Kausha dume kabisa, pangusa tumbo na spiriti, pasua polepole usitoboe utumbo, korodani ipanguse damu na tishu kavu. Maji yasiguse, yakigusa mbegu zinaamka zinakimbia dakika moja hivi zinaisha nguvu. Na ukishayeyusha usikalishe, peleka kwa mayai hapo hapo.

JamaaWaAI: Kwa ng'ombe antibayotiki kwa ekstenda ni lazima. Mtungi wa kuazima, funga mirija ya mbegu vizuri pande zote, bakteria zinaishi hata ndani ya naitrojini.

MamaHachari: Asanteni sana, Mungu awabariki. Nitagawanya mbegu za dume mmoja, nusu na dawa nusu bila, nihesabu mayai yatakayoanguliwa. Daktari, hiyo ya maabara inakaa wapi?

DaktariSamaki: Friza. Igawe kwa vichupa vidogo, ukiyeyusha kimoja usikirudishe.