Naomba ushauri: riwaya ya Amboni, nani ashtakiwe?

Wakuu, salaam. Naandika riwaya ya upelelezi, ya giza hasa. Mzee mmoja wa Tanga anapokea wenye haja kwenye Mapango ya Amboni, kule ambako watu huacha sadaka na kuomba mzimu. Haja zinatimia kweli. Mjane anarudishiwa nyumba aliyodhulumiwa, maana shemeji yake kakutwa anaelea Mto Mkulumuzi. Jini hakuna, mzee ana vijana wake wa kazi. Bei haitajwi siku ya kuomba. Baadaye unafuatwa usiku, unaambiwa nawe ukatimize haja ya mwenzio.

Nimekwama kwenye sheria. Kifungu cha 22 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu anayemshawishi au kumtuma mtu kutenda kosa kuwa mkosaji pia, na adhabu ya mauaji ya kukusudia ni kunyongwa. Lakini huyu mjane aliomba nyumba tu! Wanasheria, ana kesi hapo? Kama hana, sura zangu za mahakamani zimekufa.

Na nyie wa Tanga: niitaje Amboni wazi, au nibuni pango? Bibi kanikataza kabisa, ila yeye hata taarifa ya habari humtisha.