Siku tatu kwenye maziwa ya Bonde la Ufa

Swali: Habari zenu, ndugu. Mimi na mke wangu tunakusudia kutumia siku tatu kati ya Naivasha, Elementaita na Nakuru nchini Kenya, nasi hupenda kutembea na kuendesha baiskeli kuliko kukaa garini. Tuanzie wapi?

Jibu la 1: Kaeni Naivasha siku mbili nzima. Hifadhi ya Hell's Gate, iliyo kusini mwa ziwa, ni miongoni mwa hifadhi chache za Kenya ambamo mgeni huruhusiwa kuendesha baiskeli akipishana na pundamilia na twiga. Mlima Longonot, wenye urefu wa mita 2,776, hupandwa kwa miguu, na kutoka ukingoni mwa kreta, yaani shimo la volkano lililo kileleni, utaliona ziwa likiwa chini yako. Wengi hukosea kwa kuanza safari saa tano, jua likiwa limeshakuwa kali.

Jibu la 2: Mashua pandeni asubuhi, kwa sababu alasiri upepo huchafua ziwa, na vaeni jaketi okozi hata nahodha asiposisitiza. Viboko hutoka majini usiku kula majani, hivyo msitembee ufukweni giza likiingia. Maji ya Naivasha hayana chumvi, ilhali Elementaita na Nakuru ni maziwa ya magadi, ambako flamingo hufuata mwani.

Muuliza swali: Asanteni sana. Je, Nakuru tunaweza kutembea?

Jibu la 2: Hapana, ndugu, ziwa lile limo ndani ya hifadhi ya taifa yenye vifaru, kwa hiyo gari ni lazima.