Wachartisti wa Uingereza: walishindwa au waliwahi mno?

Kalamu ya Mkaa: Wakuu, salamu. Mwaka 1838 wafanyakazi wa Uingereza walitoa Hati ya Watu (People's Charter, ndiyo maana wakaitwa Wachartisti) yenye madai sita: kila mwanamume wa miaka 21 apige kura, kura iwe ya siri, mgombea asidaiwe kuwa na mali, wabunge walipwe mshahara, majimbo yalingane kwa watu, na Bunge lichaguliwe kila mwaka. Bunge liliwakatalia 1839, 1842 na 1848. Wapo wanaosema Mchartisti John Frost na wenzake ndio walioharibu kwa kwenda na silaha mji wa Newport, Wales, Novemba 1839, wakauawa watu zaidi ya 20. Mimi nasema maombi ya karatasi peke yake yasingetisha mtu. Mnaonaje?

Mwana wa Pwani: Harakati gani hiyo, kaka? Ombi la 1848 walitamba lina saini milioni 5.7. Makarani wa Bunge wamehesabu, hata milioni 2 hazifiki, na humo kuna "Malkia Victoria"! Wafumaji na mafundi cherehani wasio na kazi, usanii mtupu.

Fundi Magomeni: Mengine yenu, ila hapo kwa mafundi umenigusa. William Cuffay alikuwa fundi nguo London, mtu mweusi, baba yake aliwahi kuwa mtumwa St Kitts, kisiwa cha Karibiani. Aligoma na mafundi wenzake 1834, akapoteza kazi, ndiyo akaingia kwenye harakati. 1848 wakamhukumu uhamisho wa maisha, Tasmania, kisiwa cha Australia. Msamaha ulipotoka hakurudi, alibaki huko anashona na kupigania wafanyakazi hadi kufa, 1870. Wewe umepigania nini?

Mwana wa Pwani: Napigania kanzu yangu ya Idi. Kila nikienda naambiwa "njoo kesho."

Fundi Magomeni: Ulilipa advansi?

Mama Zaina: Haya ya kanzu malizaneni pembeni. Hamjaona hapo "kila mwanamume"? Wanawake waliandamana na kuchangisha pesa, kwenye madai hawamo. Kura walipewa 1918, tena wa miaka 30 na kuendelea, kwa masharti. Wenzao wa kiume, 21.

Kalamu ya Mkaa: Dada, hoja nzuri, lakini swali langu ni la Newport.

Jicho Kavu: Newport achana nayo. Dai la mishahara ya wabunge ndilo lililotuponza hadi leo. Mbunge analipwa, anapewa gari na posho ya kukaa kwenye kiti, na jimboni tunamwona msibani tu.

Mama Zaina: Bila mshahara angeingia nani? Mfumaji wa Lancashire angeacha kitanda chake cha kufumia akalale njaa London? Bunge lilikuwa la wenye mashamba kwa sababu hiyo hiyo. Mshahara wenyewe ulianza 1911, pauni 400 kwa mwaka.

Jicho Kavu: Pauni 400 sikatai. Nakataa posho.

Wanjala: Nyinyi mnagombania posho, sisi Kenya 1988 tulipanga foleni nyuma ya wagombea. Mlolongo! Mahali pengine foleni fupi ndiyo ikatangazwa mshindi, macho yetu yakiona. Waingereza walishapata kura ya siri tangu 1872. Hilo tu linatosha kuwavulia kofia Wachartisti.

Mzee wa Isevya: Wanangu, hawo Waingereza wa kuvuliwa kofia ndio waliotuwekea masharti Tanganyika 1958. Kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au darasa la nane, au cheo. Na ukipiga kura lazima umchague Mwafrika, Mzungu na Mwasia, wote watatu. Kwao masharti yanafutwa, kwetu yanaletwa. Hapa Tabora TANU walikesha wakibishana: tuingie au tususe?

Mwana wa Pwani: Shikamoo mzee. Na mliingia, mkashinda, bila mapanga. Kwa hiyo Frost alikosea.

Mzee wa Isevya: Marahaba. Sisi tulikuwa na chama kilichoenea nchi nzima na mkoloni aliyekuwa anafunga mizigo. Frost alikuwa na nini?

Jicho Kavu: Mimi nataka dai lile ambalo hata Uingereza hawajalitimiza: uchaguzi kila mwaka. Mbunge asipokuja jimboni, miezi 12 tu, nje.

Fundi Magomeni: Naunga mkono. Fulana na kofia za kampeni nitashona mwaka mzima.

Mwana wa Pwani: Na kanzu yangu je?